Gia Zinagoma? Zima Injini Kwanza, Usikimbilie Kushusha Giaboksi

Fuso moja inayobeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba ililetwa kwetu Igoma, Mwanza, klachi pleti mpya imefungwa kwenye mfuko chini ya kiti. Mwenye gari alikuwa ameshaambiwa kwingine kwamba giaboksi lazima ishuke. Kabla ya kushika spana nilimwambia utingo azime injini, akanyage klachi, apitishe gia zote. Ziliingia laini. Akawasha, hata namba moja ikakataa.

Basi anza na jaribio hilohilo.

Hatua ya 1: Injini imezimwa, kisha imewashwa

Simamisha gari pa tambarare, vuta handbreki, weka mawe kwenye tairi. Zikiingia injini imezimwa na kugoma ikiwashwa, klachi haiachii, yaani haitenganishi injini na giaboksi. Zikigoma hali zote mbili, tazama mkono wa gia na kebo zake, au giaboksi yenyewe. Ikisumbua gia moja tu, mara nyingi namba mbili, sinkronaiza ya gia hiyo (ringi inayolinganisha mwendo kabla gia haijaingia) imelika.

Kuhakikisha: washa, weka frii, kanyaga klachi hadi chini, hesabu mpaka tano, kisha ingiza rivasi. Kwenye malori mengi ya zamani rivasi haina sinkronaiza, kwa hiyo haifichi kitu. Ikilia *krrr*, pleti bado inazunguka.

Hatua ya 2: Klachi ya mafuta

Hapa ndipo kesi nyingi huishia, kwa hiyo usiwe na haraka. Kama klachi yako inasaidiwa na upepo, subiri kwanza tangi lijae.

Tazama kopo la mafuta ya klachi. Yakiwa yamepungua, yamevujia mahali. Pampu pedali mara tatu nne harakaharaka. Gia ikiingia baada ya hapo, kuna hewa ndani au masta (silinda ya juu inayosukumwa na pedali) imechoka. Kisha ingia uvunguni, injini imezimwa, utingo akanyage taratibu huku ukitazama silinda ya chini. Funua kifuniko chake cha mpira: kukiwa na unyevu, sili zimekwisha. Fimbo inayosukuma foku (uma wa kuachisha klachi) ikisogea kidogo tu wakati pedali imefika chini, nguvu inapotelea njiani.

Kwenye Fuso ile ilipotelea kwenye hozipaipu. Kila utingo alipokanyaga, mpira ulivimba kama koo la chura, akiachia unanywea. Ukiwa umetulia usingeona kasoro yoyote. Tulibadilisha hozipaipu, tukatoa hewa: kanyaga, shikilia, fungua nipeli ya kutolea hewa, funga, ndipo uachie. Rudia hadi mapovu yaishe, na usiache kopo likauke katikati ya kazi.

Tia mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Nimewahi kupokea lori lililojazwa oili ya injini humo. Sili zote zilivimba, tukabadilisha kuanzia masta hadi chini.

Hatua ya 3: Fimbo inasogea vizuri lakini rivasi bado inalia

Sasa kushusha giaboksi kuna sababu. Huku ziwani malori mengine hurudi hadi majini kuoshwa au kupakia mchanga. Maji yakiingia kwenye nyumba ya klachi na gari likalala wiki mbili, pleti hushikana na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) kwa kutu, au hukwama kwenye meno ya shafti. Kagua pia foku na rilizi beringi, ile beringi inayosukumwa na foku.

Hatua ya 4: Mkono wa gia

Chomoa kebo au fimbo pale inapoingia kwenye giaboksi, injini imezimwa, kisha sukuma liva ya giaboksi kwa mkono. Ikienda laini, tatizo ni kebo au bushi zilizolika.

Hatua ya 5: Oili ya giaboksi

Fungua nati ya pembeni, ingiza kidole. Oili iwe inagusa mdomo wa tundu. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imeingia maji. Vumbi la rangi ya dhahabu ni ringi za sinkronaiza. Vipande vya chuma ni meno ya gia, na hapo usilitembeze tena gari. Unaponunua oili soma kopo: giaboksi nyingi za zamani zenye ringi za shaba hutaka oili ya daraja la GL-4, na baadhi ya GL-5 huila shaba.

Kama ni sinkronaiza na fedha haijapatikana, piga klachi mara mbili: kanyaga, weka frii, achia, gusa pedali ya mafuta kama unashusha gia, kanyaga tena, ingiza.