Somo: Jinsi ya kujiandaa kusomea uratibu wa makumbusho ya sanaa (uzamili) ukiwa Mombasa

Wengi wanaoniuliza kuhusu shahada ya uratibu wa makumbusho, yaani kazi ya kuchagua, kutunza na kuonyesha vitu, huanzia kwenye karo. Mimi naomba tuanzie kwenye kitu chenyewe. Anayesoma maombi yako anataka kuona kama waweza kukitazama kitu kimoja kwa makini, ukaeleza kimetoka wapi na kwa nini kiwekwe mbele ya watu. Hayo unaweza kuyafanyia mazoezi hapa hapa kabla hujajaza fomu yoyote.

Kwanza, chagua kitu kimoja. Fort Jesus kuna vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Ni vizuri sana, lakini mwanzo mzuri zaidi ni leso iliyo kabatini kwa mamako. Itandaze kitandani. Tazama pindo, tazama mji ulio katikati, soma jina, yaani maneno yaliyoandikwa. Rangi imekaa ndani ya mstari au imevuka? Mikunjo imepauka? Ukiitundika, jina litakuwa kwenye usawa wa macho au mgeni atainama? Mwanga nao unakula rangi na rangi hairudi, ndiyo maana nguo na karatasi huonyeshwa kwenye mwanga hafifu, luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga). Kisha fikiria unyevu wetu wa Pwani ndani ya kabati la kioo lililofungwa.

Sasa andika maelezo ya kubandika kando yake, yasizidi maneno 60. Mpe nyanyako asome, kisha mtoto wa shule. Wakikwama mahali pamoja, hapo pana kasoro, paandike upya. Kazi hii ni ngumu kuliko insha ya kurasa kumi, na ndiyo nitakayokuuliza kwanza ukija kwangu kutaka ushauri.

Pili, fuatilia jinsi kitu kilivyofika kilipo. Hapa sisi wa Pwani tuna la kusema. Kigango, yaani nguzo ya mbao ya ukumbusho, huchongwa kwa ajili ya mzee wa chama cha Gohu aliyefariki, na kikishasimamishwa hakitakiwi kung'olewa. Hata hivyo vingi vimeibwa na kuuzwa ng'ambo. Viwili vya familia moja ya Kigiriama viliibwa mwaka 1985, vikaja kutambuliwa Marekani, kimoja Illinois State Museum na kingine Hampton University. Vyote viwili vilirudishwa. Mwaka 2019 vikarudi vingine 30 kutoka jumba la makumbusho la Denver. Kila kimoja kilipokewa na mtu aliyepaswa kuuliza, "Nani alikitoa, na kwa idhini ya nani?" Eleza kisa kama hiki kwenye barua yako ya maombi, useme wewe ungefanya nini. Usijaze barua kwa mapenzi yako ya sanaa tangu utotoni.

Tatu, chuo. Courtauld, London, ni mwaka mmoja, na wanafunzi huandaa maonyesho halisi kwa pamoja. Royal College of Art, London pia, inashughulikia sanaa ya kisasa. Bard, jimbo la New York, ni miaka miwili. Chuo Kikuu cha Western Cape, Afrika Kusini, kina stashahada ya uzamili ya makumbusho na urithi iliyoanzishwa mwaka 1998 pamoja na Makumbusho ya Robben Island. Watu hukiruka hiki wakikimbilia Uingereza. Kwa anayetaka kufanya kazi Afrika, mimi ningekiweka juu.

Nne, fedha. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hulipia mwaka mmoja wa masomo huko. Inataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, na ukimaliza urudi nyumbani kwa miaka 2. Kazi ya kujitolea inahesabiwa, kwa hiyo tunza barua zote za uthibitisho.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Likoni:* Shikamoo mwalimu. Digrii yangu ni ya biashara. Nitakubaliwa?

Marahaba mwanangu. Vyuo vingi hutaka msingi wa historia ya sanaa au fani jirani, lakini hutazama pia kazi uliyofanya. Anza na stashahada, au jitolee kwenye makumbusho na uandike. Bajeti ya maonyesho utaijua kuliko wenzako.

*Mwanachama wa Kisauni:* Nina watoto wawili, siwezi kuondoka. Nifanyeje, dada?

Pole na hongera kwa nia, dada yangu. Chuo Kikuu cha Leicester kimefundisha masomo ya makumbusho tangu 1966, na kina njia ya kusoma ukiwa mbali. Uliza karo ya njia hiyo mapema, na kama ufadhili unaoutaka unakubali kuilipia.

*Mwanachama wa Mji wa Kale:* Mimi ni mchoraji. Nitume michoro yangu?

Mmoja au miwili yatosha, kaka. Halafu chagua kazi tano za wachoraji wengine wa hapa, uzipange ukutani kwa karatasi, na ueleze kwa nini ya pili inafuata ya kwanza. Piga picha ukuta huo. Picha hiyo ndiyo uitume.