Kuchora ukuta wa mtaani Kigoma: rangi baadaye, kwanza nenda kakae pale

Wadau, kila anayeniuliza anaanza na rangi. Rangi baadaye aisee. Kwanza nenda kakae pale ukutani, asubuhi, mchana na jioni, uone watu wanatokea upande gani, wanasimama wapi, jua linapiga saa ngapi. Mimi ukuta wangu wa kwanza sikukaa. Nilichora kipe kizima, mitumbwi miwili na karabai zake na mvuvi kasimama, chini kabisa ya ukuta mmoja njia ya kushuka Kibirizi, mvua za Novemba zikaingia, maji ya bati yakawa yanarusha tope jekundu mpaka usawa wa goti, na kumbe pale pale ndio kijiwe cha boda, tairi zote zinaegemezwa ukutani, mwezi haujaisha mvuvi wangu hana miguu. Siku hizi sentimita 60 za chini napaka kahawia tupu, basi.

Na ukishakaa, picha inakuja yenyewe. Ukuta unaotazama ziwa haufanani na wa Mwanga sokoni. Sokwe wa Gombe, na Stanley anampa mkono Livingstone pale Ujiji 1871, jamani wameshatosha, wakati kuna meli ya Liemba, kuna stesheni ya reli ya Mjerumani, kuna wamama wanaoanika dagaa mchangani.

Ruhusa: mwenye ukuta, kisha mwenyekiti wa mtaa. Ukuta wa umma andika barua manispaa, ambatanisha mchoro wenye rangi, maana wakisoma maneno matupu kila mtu anawaza picha yake.

Plasta mpya iache kama wiki 4. Ya zamani sugua kwa brashi ya waya mpaka unga uishe. Halafu bandika kipande cha nailoni kwa selotepu pande zote, kilale hapo usiku mmoja, asubuhi ukikuta matone ndani ujue ukuta una unyevu, usipake kitu. Na fundi asikudanganye na rangi ya mafuta kwenye saruji, inabanduka kama ganda la muhogo. Praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha, halafu rangi ya maji ya nje, mikono miwili, yaani unaipaka mara mbili.

Kuhamisha mchoro ni hesabu ya darasa la 5 tu: karatasini piga vyumba vya sentimita 3, ukutani vya sentimita 30, jaza chumba kwa chumba. Mistari piga kwa uzi uliopakwa chaki, sio mkaa, mkaa unachafua rangi nyepesi. Kila baada ya muda vuka barabara uangalie, ukiwa juu ya ngazi kila uso unaonekana mzuri.

Rangi iliyobaki usibebe nyumbani, muachie mwenye ukuta kwenye vikopo vyenye mfuniko, boda akikwangua na usukani, mwenye ukuta anaziba mwenyewe siku hiyo hiyo.