Jua limezama, watoto rudini: namna ya kulinganisha taswira za utoto, maumbile na ulinzi

Kosa ninalokutana nalo sana kwenye insha ni hili: mwanafunzi anaorodhesha mwanakondoo, majani mabichi, nyota na mtoto, kisha anaandika kwamba zote zinaonyesha usafi wa utoto. Hapo hajalinganisha chochote. Tushike mashairi matatu ya Ulimbwende wa Uingereza (Romanticism, mkondo wa fasihi uliotukuza hisia na maumbile; si ushairi wa mapenzi, msichanganye): mawili ya William Blake yenye jina moja, "Nurse's Song", la 1789 na la 1794, na "Frost at Midnight" (yaani "Sakitu Usiku wa Manane") la Samuel Taylor Coleridge, la Februari 1798.

Hatua ya 1: Mtambue nafsineni, yaani yule anayesema ndani ya shairi. Katika yote matatu mtu mzima anamtazama mtoto. Kwa Blake ni yaya. Kwa Coleridge ni baba anayekesha karibu na moto, na mwanawe Hartley, wa miezi 17, amelala ubavuni pake.

Hatua ya 2: Weka mishororo inayofanana pamoja. Hapa msiharakishe. Blake amerudia mishororo miwili katika mashairi yote mawili: yaya anawaita watoto warudi nyumbani, jua limezama na umande wa usiku unapanda. Katika lile la 1789 moyo wa yaya umetulia. Watoto wanamkatalia: bado ni mchana, ndege wanaruka, vilima vimejaa kondoo. Naye anakubali, chezeni mpaka nuru ififie. Beti nne. La 1794 lina beti mbili tu, na watoto hawasemi neno hata moja. Bondeni kuna minong'ono, na yaya akikumbuka ujana wake uso unageuka kijani na kupauka.

Umande ni ule ule. Kwanza ulikuwa tahadhari ya mlezi, sasa umekuwa tishio. Tazameni na kijani: kilikuwa rangi ya uwanja wa michezo, kimehamia usoni mwa mtu mzima. Taswira haina maana ya kudumu. Maana yake inategemea anayeitamka.

Hatua ya 3: Uliza mtoto analindwa dhidi ya nini. Yaya anahofia usiku. Coleridge anahofia kuta. Alipofiwa na baba yake alipelekwa shule London, na shairi linasema hakuona kizuri huko ila anga na nyota. Kwa hiyo ulinzi anaomwahidi mwanawe ni uwazi: atazurura kama upepo kando ya maziwa, fukwe za mchanga na milima.

Hatua ya 4: Andika. Kila aya ianze na tofauti moja, kisha ushahidi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Sakitu ni baridi inayounguza mimea. Inakuwaje taswira ya ulinzi?*

Marahaba. Waliokulia Njombe wataielewa hofu yako. Lakini tazama maneno yenyewe: tangu mshororo wa kwanza sakitu inatoa huduma ya siri, bila msaada wa upepo wowote. Inafanya kazi usiku watu wakiwa wamelala, kama huyo baba anayekesha. Shairi halisemi kwamba sakitu inamlinda mtoto. Hiyo ni hoja yako, na neno "huduma" ndilo ushahidi wako.

*Naweza kusema yaya wa 1794 ni mtu mbaya?*

Sikushauri. Naye pia anataka watoto waondoke kwenye umande. Mimi nasikia uchungu wa mtu aliyepitwa na utoto wake, na uchungu huo ndio unaoharibu ulinzi anaoutoa.

*Mwalimu, mimi ni wa pwani. Majira ya baridi yanayotajwa katika mashairi haya niyaite kipupwe?*

Hapana. Kipupwe chetu kinatupumzisha na joto. Majira ya baridi ya Uingereza huacha miti mitupu, ndiyo maana yaya wa 1794 anawatajia watoto machipuko wanayoyapoteza mchezoni na baridi inayokuja. Coleridge anayatumia majira hayo hayo kinyume kabisa: anamwambia mwanawe kwamba majira yote yatakuwa matamu kwake, hata yale ambayo ndege mwenye kifua chekundu anaimba juu ya tawi tupu la mtufaha, kati ya vishungi vya theluji. Ukipenda, anzia insha yako kwenye tawi hilo.