Kufatilia mambo ya AI bila kumaliza bando

Yaani kila ukifungua simu kuna modeli mpya (ule ubongo ulio nyuma ya programu kama ChatGPT), watu wanapiga kelele, kuna video ya dakika arobaini, na ukisema uangalie zote hizo kazi hufanyi. Mi nilikua hivyo karibu mwaka mzima na kichwani nilibaki na majina tu. Siku hizi nafanya hivi, jaribu na wewe.

Kwanza tenga siku moja kwa wiki, mi Jumapili jioni, lisaa limoja basi. Habari kubwa haikukimbii. Wale watafiti wa Google waliweka makala yao ya Transformer, muundo wa kujengea modeli, kule arXiv, tovuti ya makala za utafiti, Juni 2017, ChatGPT ikaja kutoka Novemba 2022, na ile T ya mwisho kwenye GPT ndo hiyohiyo Transformer, sasa miaka mitano imepita hapo katikati afu we unaogopa kupitwa na wiki moja?

Alafu nenda kwa mwenye habari yake. Modeli ikiwa ya wazi, yaani yeyote anaweza kuipakua, mara nyingi utaikuta Hugging Face, tovuti ya kuweka modeli, fungua ukurasa wake uone inajua lugha gani na leseni ikoje. arXiv nayo ni bure, soma muhtasari na pale wanapotaja mapungufu, hesabu zisipopanda ruka.

Ila kubwa kuliko yote, uwe na maswali yako mwenyewe. Mi nina daftari lenye maswali kumi ya Kiswahili na kila modeli ikitoka naiuliza hayohayo. Naiambia nina kikao saa mbili asubuhi, niseti alamu ya simu saa ngapi ili niwahi, ikishika 2:00 badala ya 8:00 najua bado haijatuelewa. Au naipa "ufunguo wangu umepotea" iweke kwenye wingi, ikikosa "funguo zangu zimepotea" naandika na tarehe pembeni. Baada ya miezi sita unaona kwa macho yako nini kimebadilika, manake mitihani ambayo wenye modeli wanajisifia nayo mingi ni ya Kiingereza.

Wafatilie pia Masakhane, watafiti wanaoshughulikia lugha zetu za Afrika, na Deep Learning Indaba, mkutano wa watu wa AI Afrika, ile ilikua Nairobi 2019 na Kigali 2025. Na Jumapili ukibakiwa na dakika kumi ingia Common Voice ya Mozilla, usome sentensi chache za Kiswahili kwa sauti yako, ndo data hizo watu wanafundishia mashine kutusikia.