Parasetamoli, ibuprofeni au mofini: jinsi ya kuchagua dawa ya maumivu

Kabla ya kumeza, geuza pakiti usome jina la dawa yenyewe na miligramu zake. Jina kubwa la mbele ni la biashara tu.

Kwa kichwa au homa, anza na parasetamoli. Hufanya kazi zaidi kwenye ubongo, na uvimbe haiupunguzi. Mtu mzima wa kilo 50 au zaidi, asiye na ugonjwa wa ini, humeza kidonge 1 au 2 vya miligramu 500, akae angalau saa 4 kabla ya kurudia, asivuke vidonge 8 kwa saa 24. Wengi huvuka bila kujua, kwa sababu dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani. Ikizidi huharibu ini, na siku ya kwanza mtu anaweza kujiona mzima kabisa. Aliyezidisha aende hospitali hapohapo, asingoje macho yawe ya njano.

Jino, kifundo kilichoteguka na maumivu ya hedhi husikia zaidi ibuprofeni. Huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea uvimbe na maumivu. Shida ni kwamba kemikali hizohizo hulinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo. Kwa hiyo meza miligramu 200 hadi 400 ukishakula, mara 3 kwa siku basi. Mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, pumu, ugonjwa wa figo au wa moyo amuulize daktari kwanza. Diklofenaki ni ndugu ya ibuprofeni: kuzimeza pamoja hakuongezi nafuu, huongeza hatari ya kuvuja damu tumboni. Parasetamoli inaweza kwenda na mojawapo, maana njia zao ni tofauti.

Homa ya dengi, inayoenezwa na mbu, ikishukiwa, kama wakati wa mlipuko wa Dar es Salaam mwaka 2019, tumia parasetamoli peke yake. Ibuprofeni na asprini huzidisha hatari ya kutokwa damu. Asprini asipewe mtoto wa chini ya miaka 16 bila daktari.

Tramadoli na mofini, dawa kali za maumivu, ni za cheti cha daktari. Ukichanganya na pombe au dawa za usingizi, pumzi inaweza kukatika. Hufunga choo pia, hivyo omba dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Lakini mgonjwa wa saratani asinyimwe mofini kwa hofu ya uraibu. Ile ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi.