Unataka kutengeneza trance? Usianze na kiki

Trance ni ule muziki wa dansi wa kielektroniki. Wengi wetu tukifungua FL Studio (programu ya kutengenezea muziki) kitu cha kwanza ni kiki, lile dundo zito la ngoma, tunapanga nne kwa nne, tunamwaga besi, masaa mawili baadae una biti kali ila haina pa kwenda. Mimi nilikwama hapo miezi kadhaa. Trance inaanzia katikati, kwenye brekidauni, pale ngoma zote zinanyamaza melodi inabaki peke yake na watu wananyoosha mikono juu. Hiyo sehemu ndo wimbo wenyewe, mengine yote ni njia ya kufika hapo na kutoka.

Kwahiyo weka tempo 138, yaani mapigo 138 kwa dakika (amapiano inacheza 110 na kitu, singeli inapita 200, hii ipo katikati), halafu tafuta kodi (chords, noti zinazopigwa pamoja) nne za huzuni kidogo. Am, F, C, G zimetumika sana lakini kwa kujifunza zinatosha, kila moja ipe baa mbili. Baa ya muziki jamani, yaani mapigo manne, sio ya bia. Juu yake imba melodi kwa mdomo kwanza, kama huwezi kuikumbuka kesho asubuhi itupe. Tekno inaweza kuishi bila melodi, trance haiwezi, na ndo tofauti iliyoanza kuonekana Ujerumani kule Frankfurt mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Sauti sasa. Ule mlio mpana unaojaza ukumbi ni Super Saw, ulitoka kwenye kinanda cha Roland JP-8000 miaka hiyohiyo ya 90: mawimbi saba ya sauti yenye umbo la meno ya msumeno yanapigwa pamoja ila kila moja limeharibiwa tuni kidogo. Huna haja ya kukinunua, chukua Vital ya bure (kinanda cha ndani ya kompyuta), weka sauti saba, ongeza dityuni (huko kuharibu tuni) taratibu mpaka ipanuke, ukizidisha inakua kama nyuki. Mwagia riveb (mwangwi wa ukumbi) na dilei (sauti inayojirudia).

Besi ni rahisi. Gawa kila pigo mara nne, ya kwanza mwachie kiki, tatu zinazobaki weka noti fupi za besi, utasikia inakimbia kama farasi. Weka na saidicheni ili kiki ikigonga vingine vyote viiname.

Kutoka brekidauni kurudi kwenye ngoma usiwe na haraka, na hapa ndo wengi wanaharibu. Fungua filta (kile kinachoziba ukali wa sauti) polepole kwa baa 16, snea (ngoma ya mlio mkali) ianze kwa kila pigo, halafu mara mbili, halafu mara nne, na nyuma weka ile shhhh ya redio isiyoshika stesheni ikipanda. Kisha kata kila kitu nusu pigo, kimya, ndo kiki irudi. Waliowahi kuona ngoma ya kupunga pepo wanaelewa, kinachompandisha mtu ni kurudiarudia huku kitu kidogo kinabadilika, sio fujo.

Mwisho kabisa ndo utengeneze mwanzo lol: baa 32 za kiki na haihati (matasa) tu, kama sekunde 56 hivi, na mwishoni vilevile. Hizo ni za DJ kuunganishia nyimbo, ndo maana trance nyingi zinafika dakika saba nane. Toleo fupi la dakika tatu weka YouTube, DJ mpelekee ndefu.