Namna ya kuusoma umaskini mkoa kwa mkoa

Jamani ukitaka kuelewa umaskini wa nchi usianze na ile asilimia ya jumla ya maskini wa taifa zima, inaficha mengi mno. Anza kwa kuuliza, hapa watu wanakosa nini hasa? Kuna mkoa mtu ana shamba na nyumba yake ila zahanati iko mbali na maji ni ya mtoni, na kuna mjini bomba liko hapo nje lakini kila kitu ni hela, kodi, maji, choo, hata kuzoa taka, akikosa kibarua siku mbili tu jioni hawali. Hao wawili huwezi kuwapa msaada wa aina moja.

Tumia kipimo cha umaskini wa nyanja nyingi, kile kilichotolewa 2010 na UNDP, yaani shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford, kinaangalia viashiria 10 vya afya, elimu na hali ya maisha. Usiishie kwenye alama ya jumla, shuka uone kipi kinauangusha mkoa.

Halafu cheki data ilichukuliwa mwezi gani. Hili watu wanalipuuza na linaniuma sana, maana mkulima ukimhesabu baada ya mavuno utakuta ghala limejaa, rudi kabla ya mavuno yanayofuata ameshauza mbuzi na wanakula mlo mmoja.

Na usichanganye asilimia na idadi: mkoa wenye watu wachache unaweza kuongoza kwa asilimia, huku jiji lenye asilimia ndogo lina maskini wengi zaidi, kwa hiyo ziandike zote mbili kabla hujagusa bajeti.